Gari la Familia: Mwongozo kwa Mwenye Haraka ya Kuonekana

Wanunuzi wachanga huanza kwa kujiuliza gari litabeba watu wangapi, litapita barabara gani na mshahara utalihimili kwa muda gani. Maswali hayo yana ubaya mmoja: yanajibika. Ukishayajibu utajikuta na Toyota ndogo ya cc 1300 yenye viti vitano na buti la kutosha, na safari yako ya kusaka heshima mjini itakuwa imeishia hapo. Swali la kuanzia ni hili: nani ataliona?

Chukua ukumbi wa harusi, Jumamosi jioni, tuseme Sinza. Kijana wa kupanga magari hana muda wa kukuuliza habari zako. Shangingi likiingia, koni zinaondolewa bila swali na mtu anapewa nafasi mlangoni kabisa. IST ikiingia, mkono unaelekeza nyuma, kule jenereta linakonguruma na maji ya kuoshea vyombo yanakomwagwa. Huko utatoka saa nane za usiku, baada ya kuwasubiri wote waliokuziba wamalize kuagana. Kwa fedheha ya namna hii, inayokupata mara nne au tano kwa mwaka, ni halali kabisa kuongeza milioni kumi na tano kwenye bei ya gari.

Ukishawajua watazamaji, tafuta washauri. Kanuni yao ni kwamba asiyechangia hata shilingi ndiye mwenye sauti kubwa, kwa hiyo kundi la WhatsApp la ukoo litakufaa sana. Andika tu kwamba unafikiria kununua gari, kisha weka simu chaji.

"Chukua Harrier, shem. Ile ina heshima yake."

"Subaru usiguse, itakumaliza."

"Subaru ndiyo gari, nyie hamjui magari."

"Na Vitz je, mjomba?" utauliza kwa unyonge.

"Vitz?" Mjomba ataanza kuandika, ataacha, ataanza tena. "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Mjomba huyo amepanda gari la mpwa wake mara moja tangu mwaka uanze, siku alipopelekwa stendi ya Magufuli kuwahi basi. Hata hivyo magoti yake lazima yawemo kwenye bajeti.

Mtu wa mwisho kuulizwa ni yule mtakayelipanda naye kila siku. Atasema jambo la ajabu. "Baba Neema, ile Raum ya mlango wa kusukuma ingemfaa bibi." Tatizo ni kwamba anajua anachosema. Raum ya toleo la pili, lile la kuanzia mwaka 2003, haina nguzo ya katikati upande wa kushoto. Ukifungua mlango wa mbele na kusukuma wa nyuma, ubavu mzima uko wazi. Bibi mwenye magoti mabovu anageuka, anakaa, anaingiza miguu, basi. Ukiegesha kwenye uchochoro wa Kariakoo, mtoto hafungui mlango wa nyuma ukagonga gari la mtu. Injini yake ya lita 1.5 ndiyo ileile 1NZ iliyomo kwenye Spacio, Probox na IST ya cc 1500. Mjibu kwa upole kwamba hilo ni gari la wazee. Na ni kweli, mzee ndiye atakayepanda.

Kuhusu hizo injini zinazofanana, jihadhari. Dosari kubwa ya magari ya kawaida ni kwamba kila fundi anayajua. Ukifika Gerezani ukasema "plagi za 1NZ", kijana anakuletea kabla hujamaliza sentensi, na akikupiga bei unahamia duka la jirani. Gari la namna hiyo linakunyima mambo ya kusimulia. Mwenye gari adimu hupata simulizi kila mwezi. Fundi wake anafungua boneti, anakaa kimya, anapiga picha kifaa kilichokufa, anaituma kwa mtu aliyeko Dubai, na jibu linarudi kwamba spea ipo ila inakuja na mtu. Mtu huyo anakuja baada ya wiki tatu, na kifaa alicholeta ni cha upande wa pili. Lakini tuwe waungwana: hakuna gari linalobana matumizi ya mafuta kama lililo juu ya mawe.

Kwa mwenye mfuko mdogo na kiu kubwa ya heshima, kuna Brevis. Sedani ndefu, viti vinene, silinda sita, lita 2.5 au 3, na bei yake mtaani mara nyingi imekuwa chini ya IST yenye injini nusu ya hiyo. Mtu mwenye wasiwasi angejiuliza kwa nini gari kubwa linauzwa rahisi kuliko dogo. Wewe usijiulize. Neno D4 lililoandikwa kwenye injini ulichukulie kama pambo. Mafundi watakwambia kwamba katika D4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kwamba pampu yake ni ghali na haipendi mafuta machafu. Watakuonyesha hata wale wa Noah, jinsi wanavyoing'ang'ania ile ya zamani, SR40, yenye injini ya 3S isiyo na makuu, huku Noah iliyofuata yenye D4 ikipendeza zaidi kwa macho. Mafundi hawa wanapenda kukatisha watu tamaa.

Au basi agiza Japani. Huko magari ni mazuri kwa sababu ya adha ya wenyewe. Sheria yao inataka gari binafsi likaguliwe likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule pamoja na kodi na bima zake humfanya Mjapani aone bora aachane na gari ambalo hapa kwetu lingeitwa jipya. Fungua tovuti ya muuzaji, chagua kwa rangi, kisha tafuta bei iliyoandikwa FOB. Hiyo ni bei ya gari likiwa bado bandarini kwao. Ipende bei hiyo. Itangaze kazini. Sema: "Dola 1,800 tu, hawa madalali wa hapa wezi." Nauli ya meli na bima vikiongezwa inaitwa CIF, nayo usiitangaze.

Baada ya hapo kuna TRA, ambao wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Mtu yeyote mwenye bando anaweza kuingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini akaona kodi yote kabla hajatuma hata senti moja Japani. Kukifungua mapema ni kujiharibia furaha. Tena kikokotoo hakijali risiti yako, kina thamani zake kinazoamini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hupanda na injini: isiyozidi cc 1000 husamehewa, inayozidi hapo mpaka cc 2000 hulipa asilimia 5, kubwa kuliko hizo asilimia 10. Kisha kuna uchakavu: gari la abiria la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya mrundikano wote huo inakaa VAT ya asilimia 18. Mwenye penseli ataona kwamba kwa IST iliyovuka miaka 10, kila shilingi 100 ya CIF huwa inakaribia 200 kabla hujagusa tozo ndogondogo, gharama za bandari, usajili na mkono wa wakala wa forodha. Jirani zetu Kenya wamepiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Kwao uzee wa gari ni kosa, kwetu ni chanzo cha mapato.

Kuna karatasi moja ya mnada ambayo muuzaji mwaminifu atakutumia ukiiomba. Usiiombe. Imejaa maandishi ya Kijapani, mchoro wa gari wenye alama za kila mkwaruzo, na pembeni alama ya jumla. 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 limeishi. Ukiona R, maana yake limewahi kugongwa likarudishiwa. Wewe jiambie R ni ya "rahisi".

Gari likifika utaliwasha, na sauti ya dada wa Kijapani itakusemesha kwa adabu kubwa. Familia nzima itatabasamu ikidhani imekaribishwa. Kwa kawaida anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Ataendelea kusema hivyo kila asubuhi mpaka siku mtakapoliuza. Redio nayo itakomea kwenye masafa ya 90 hivi, kwa kuwa FM ya Kijapani huanzia 76 na kuishia huko, na stesheni nyingine zote za Dar utazisikia kwa jirani.

Anayeona Japani ni mbali anunue gari la mkononi. Hapo ajifunze kusoma matangazo. "Haidaiwi" maana yake nenda kaangalie deni la faini za trafiki na la maegesho mwenyewe. "Limetumiwa na mdada" maana yake mdada alikuwa na dereva. "Injini haijaguswa" ni kweli, hata oili haijaguswa. "Namba E" ni tangazo zuri kuliko yote, kwani herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi liliundwa lini. Gari la mwaka 2004 likivaa namba mpya linakuwa kijana tena, na wanunuzi wengi huhesabu umri kuanzia kwenye kibao.

Siku ya kulikagua nenda mchana, tena umpigie dalali saa moja kabla ili apate nafasi ya kulipasha moto. Gari lililolala usiku kucha, likiwashwa asubuhi likiwa baridi, husema ukweli wake wote: moshi wa bluu, kelele za cheni, gia inayoingia kwa kishindo. Habari kama hizo zitakuvunja moyo. Dalali atakupokea kwa "karibu bosi", injini inang'aa kwa kuoshwa, na redio iko juu. Mkipita kwenye tuta ataiongeza. "Sikia hiyo muziki, bosi, spika orijino hizi." Chini yenu bushi na shokapu zinaongea lugha moja na spika, ndiyo maana zikachanganywa. Ukirudi, piga tairi teke moja. Sijapata kujua teke lile hupima nini, ila mnunuzi wa kiume asiyelipiga haaminiki. Jina kwenye kadi ya gari likiwa la mtu wa tatu, ambaye yuko Mwanza na simu yake haipatikani, chukulia kwamba ukoo wenu umepanuka.

Sasa mafuta. Hapa pana ustadi wa pekee ambao taifa zima limeufikia bila kufundishwa: hatununui lita, tunanunua noti. "Weka ya elfu kumi." Kwa hiyo hata ulaji wa gari tunaupima kwa shilingi. "Langu linakula elfu kumi na tano kwa siku." Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo mpya, bei inapanda, na ifikapo Alhamisi mtu yuko kwa fundi akilalamika kwamba gari limeanza kula mafuta. Fundi anabadilisha plagi. Mwezi unaofuata bei inashuka kidogo na fundi anasifiwa.

Kuna namna ya kujua ukweli, nayo ni ya kishamba: jaza tenki mpaka pampu ikatike, andika kilomita, tembea wiki nzima, jaza tena mpaka ikatike, gawanya kilomita kwa lita. Dakika mbili za hesabu. Usiifanye, utakosa la kubishana baa. Badala yake shika namba za kwenye tovuti, zile za kilomita 16 au 18 kwa lita. Kipimo kile cha zamani cha Kijapani kilifanywa maabara, gari likiwa juu ya roli, kwa kilomita 4 na ushei ndani ya dakika 11, kiyoyozi kimezimwa. Ukiweza kuishi maisha yako yote ndani ya dakika hizo 11, utazipata hizo kilomita. Ukitokea Kimara saa kumi na mbili asubuhi, kiyoyozi kikiwa namba tatu, utapata za Kimara.

Taa ya mafuta izoee kama taa ya sebuleni, iwake muda wote. Wapo watakaokueleza kwamba pampu imo ndani ya tenki na hupoozwa na petroli yenyewe, kwamba anayetembea na ya elfu tano mwaka mzima atanunua pampu. Waambie pampu ni ya baadaye. Tena usisahau kwamba ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Aliyenunua injini ya lita 3 ili aonekane anaweza hivyo anayo nafasi ya kulijenga taifa kila anaposimama kituoni, na sijasikia akishukuriwa.

Kwenye foleni ndipo injini hiyo hujidhihirisha. Pale Ubungo, chini ya daraja au juu yake, lita 3 na lita 1 hutembea mwendo uleule wa mtu anayesukuma mkokoteni, na pembeni basi la mwendokasi linapita likiwa limejaa watu ambao hawajawahi kununua shokapu.

Matunzo nisiyarefushe. Fundi mpya akisema aliyelishika kabla yake ameliharibu, mwamini. Atakayefuata atasema hivyohivyo juu yake, na hao wote si waongo. Gereji bubu ya chini ya mwembe ina mafundi wazuri kuliko watu wanavyodhani, ilimradi spea ununue mwenyewe ukiwa umeishika mkononi ile iliyotoka. Rejeta weka maji ya bomba, kutu ni madini. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kuna utepe mweusi wa umeme unaouzwa shilingi mia chache.

Kwenye matairi tu ndipo utani unanishinda. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Yale ya mtumba yanayopakwa dawa mpaka yakameta, ukiyageuza ukasoma, utakuta mengine yalitoka kiwandani kabla mtoto wako hajaanza shule. Yana kashata nzuri, lakini mpira umekauka, na unachanika kwenye mwendo mkubwa na jua kali, yaani barabara ya mkoani gari likiwa limejaa. Haya, turudi kwenye upumbavu.

Bima ndogo ya gari binafsi, ile ya elfu 118, inamlipa uliyemgonga. Gari lako lenyewe halimo. Kwa aliyetumia akiba yote na mkopo wa kikoba kununua shangingi, bima kubwa huwa ndiyo kitu pekee alichokiona ni anasa.

Halafu kuna Desemba, ambayo ndiyo sababu halisi ya yote haya. Kutoka Dar mpaka Moshi ni kilomita zipatazo 560, na huko kila mmoja atasimama barazani kutazama nani kaja na nini. IST yenye watu watano na mabegi inafika. Kila mwaka zinafika, zinapanda milima na kurudi na ndizi. Lakini ukitazamwa na binamu mwenye V8, kufika peke yake hakutoshi. Hivyo siku tano za Desemba ndizo zinazochagua gari, na siku 360 zilizobaki ndizo zinazolilipia. Kukodi Noah kwa siku hizo tano kungemaliza kila kitu, bibi na mjomba wakiwemo, ndiyo maana hakuna anayekodi. Njiani askari wenye tochi watakuwa kwenye vivuli vyao kuanzia Segera mpaka Same. Kijijini mwisho ni 50, faini ni elfu 30, na tochi haitambui ukubwa wa injini.

Itafika siku, kwa kawaida Januari, karo za shule zikiwa mezani, utakapoona afadhali uliuze. Hapo utagundua kwamba IST uliyoicheka ingeuzika kabla ya Ijumaa kwa bei isiyo mbali sana na uliyoinunulia, kwani wanaoitaka ni wengi. Lako litakaa. Panga bei kwa kujumlisha kila ulichotumia, pamoja na ile spea ya Dubai na nauli ya mtu aliyeileta. Tangaza kwamba unaongeza gari kubwa. Mnunuzi akipiga simu, mwambie aje saa saba mchana; saa sita uwe umeshaliwasha, redio iko juu, injini imeoshwa. Akipiga tairi teke, mpongeze kwamba anajua magari. Akiuliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita, mjibu kwa shilingi.